Kutelekezwa na Mtu Aliye Nyumbani

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataja mambo ambayo mahakama inaweza kuyapokea kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika kabisa. Yamo uzinzi, ukatili, na kutelekezwa kwa makusudi kwa miaka isiyopungua 3. Kila nikiisoma orodha ile najiuliza: anayekutelekeza huku analala pembeni yako, yeye tumweke wapi?

Siilaumu sheria. Hakimu ataupimaje ukimya? Mtu anaacha hela ya matumizi, analipa ada, akisafiri anatuma meseji kwamba amefika salama. Peleka malalamiko kwa wazee uone. Anakupiga? Hapana. Ana mwanamke nje? Sidhani. Sasa shida nini, mwanangu? Na kweli, utasema nini? Kwamba zamani akiona kituko kwenye daladala alikitunza mpaka afike nyumbani akusimulie, na siku hizi unakisikia akimsimulia rafiki yake kwenye simu?

Penzi kupungua si kosa, kwa maoni yangu. Hakuna anayeuamrisha moyo. Kinachonisumbua ni ile adabu inayobaki. "Umekula?" "Nimekula." "Haya, usiku mwema." Anayeitumia hujitetea kwamba hataki kumuumiza mwenzake. Huruma gani hiyo, jamani? Huyo mwenzake anapanga maisha. Anakataa kazi ya Mwanza ili wasiishi mbalimbali. Anaahirisha masomo. Miaka anayoitoa ni yake, na anaitoa kwa kuamini jambo ambalo wewe unajua halipo tena.

Katika tamthilia ya Ibsen, A Doll's House, ya mwaka 1879, watu hubishana sana kuhusu Nora kuondoka na ule mlango unaofungwa. Mimi hunigusa zaidi pale anapomketisha mumewe na kumwambia kwamba kwa miaka 8 ya ndoa, hayo ndiyo mazungumzo yao ya kwanza ya maana. Na Torvald si mtu wa kununa! Ana majina ya mapenzi chungu nzima, anamwita ndege, anamwita kindi. Maneno yalikuwepo kila siku.

Najua nitaambiwa: ndoa ina misimu, maji hupwa na kujaa, ukitangaza kila upepo utaivunja nyumba bure. Ni kweli, na kumwambia mtu kila Jumatatu kwamba leo humsikii moyoni ni ukatili mwingine. Kwa hiyo sidai kila hisia isemwe. Mwezi mkavu unaweza kukaa nao mwenyewe, ukasubiri.

Lakini iko siku mwenzako anarudi na karatasi ya kiwanja cha Kigamboni. Ameshaongea na dalali, akiba yake yote itaingia humo, na anakuuliza tu: tununue? Mwaka mzima umekuwa ukihesabu siku za kuondoka. Hapo ukisema "sawa, wewe tu," umeshamjibu, na umemdanganya.