Gari Kuukuu Likitolewa Sadaka, Nani Hufaidika?

Mwaka 2003 wakaguzi wa GAO, ofisi inayolisaidia Bunge la Marekani kukagua matumizi ya serikali, walichapisha ripoti kuhusu magari ambayo wananchi huyatoa kwa mashirika ya hisani. Mojawapo lilikuwa gari aina ya GMC la mwaka 1983. Liliuzwa mnadani kwa dola 375. Gharama za wakala na matangazo zikala dola 312. Zikabaki dola 63, wakala na shirika wakagawana nusu kwa nusu, na shirika likapata dola 31 na senti 50. Mwenye gari, kwa upande wake, alikuwa ameiandikia mamlaka ya kodi kwamba ametoa mali yenye thamani ya dola 2,400, ili apunguziwe kodi.

Hakuwa peke yake. Wakaguzi walifuatilia magari 54, na katika theluthi mbili ya hayo shirika liliambulia asilimia 5 au chini yake ya thamani iliyotajwa na mtoaji.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi, gari kutolewa bure ni jambo la kushangaza. Gari likifa huku, bado kwa wauza vipuri wa Gerezani na Kirinyaga Road wapo wanaolisubiri: atakayetaka injini, atakayetaka milango, hata atakayetaka taa moja ya nyuma. Marekani ufundi ni ghali, na gari la miaka mingi likiharibika gia, gharama ya kulitengeneza huweza kuzidi bei yake. Hukaa uani likinyeshewa mpaka mwenyewe asikie tangazo redioni: toa gari lako, saidia watoto, saidia wanajeshi wa zamani. Vituo vya redio za umma navyo hujiendesha kwa sehemu kutokana na magari ya wasikilizaji wao.

Utaratibu ni mwepesi mno. Mtu hupiga simu, gari la kuvuta huja bila malipo, mwenyewe husaini kadi ya gari, hukabidhi ufunguo na kurudi ndani akiwa ameridhika. Asichokijua mara nyingi ni kwamba aliyekuja kuchukua gari si shirika lenyewe bali ni wakala wake. Gari huenda mnadani. Lisilowaka wala kutembea huuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kila anayelishika njiani hukata chake, na shirika hupewa kilichosalia.

Ripoti ile haikupita bure. Mwaka 2004 Bunge la Marekani lilibadili sheria, na kuanzia Januari 2005 mtoaji wa gari anayedai punguzo la zaidi ya dola 500 hawezi, kwa kawaida, kudai zaidi ya bei ambayo gari lake liliuzwa kweli. Shirika nalo lazima limpe hati inayoonyesha bei hiyo. Sheria ikaacha mlango kwa shirika linalolitumia gari lenyewe katika kazi zake, linalolifanyia matengenezo makubwa, au linalompa mhitaji bure au kwa bei ya chini sana. Hapo mtoaji anaruhusiwa kudai thamani ya gari sokoni. Sheria ya kodi ilitambua kwamba gari lililomfikia mtu lina uzito zaidi kuliko gari lililogeuzwa fedha na kumegwa njiani.

Lakini sheria ya kodi haimlazimishi mtoaji kuuliza maswali. Mwaka 2017 Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Minnesota, Lori Swanson, alitoa ripoti kuhusu Kars4Kids, shirika ambalo wimbo wake wa matangazo unajulikana karibu nchi nzima. Kati ya mwaka 2012 na 2014 magari ya watu wa Minnesota yaliliingizia takribani dola milioni 3. Watoto wa Minnesota walinufaika na chini ya asilimia 1 ya fedha hizo. Sehemu kubwa ya fedha ambazo Kars4Kids ilizitumia kwa kazi za hisani ilikwenda kwa shirika dada la elimu ya dini lililoko mashariki mwa nchi. Elimu ya dini ni kazi halali ya hisani. Kasoro ni kwamba watoaji wengi hawakuambiwa waziwazi gari lao linakwenda kufanya nini, na wao wenyewe hawakuuliza.

Waswahili husema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Moyo watu wale walikuwa nao. Kilichopungua ni kuifuatilia sadaka yao hatua chache mbele, wajue imemfikia nani na imemfaa nini.

Wapo walioonyesha kwamba gari la sadaka linaweza kumfikia mhitaji mwenyewe. Mwaka 1996, mjini Burlington katika jimbo la Vermont, Hal Colston, ambaye baadaye alichaguliwa kuwa mbunge wa jimbo hilo, alianzisha Good News Garage. Aliona kwamba mama asiye na gari hawezi kuifikia kazi iliyo maili kadhaa nje ya mji, mahali ambako basi halifiki, hasa zamu inapoanza alfajiri. Karakana ikaanza kupokea magari ya watu, kuyatengeneza na kuyakabidhi kwa familia zenye kipato kidogo. Yasiyofaa kutengenezwa huuzwa, na fedha zake husaidia kuyatengeneza yanayofaa.

Kazi hiyo haina njia ya mkato. Vermont humwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, na chumvi hula gari kuanzia chini. Fundi hulipandisha gari juu, akagonga sakafu na fremu kutafuta palipooza kwa kutu, akakagua mabomba ya breki, bushi na ekzosi. Gari linalong'aa kwa juu laweza kuwa limekwisha kwa chini, na familia ikipewa gari la namna hiyo imepewa mzigo, kwa kuwa halitapita ukaguzi wa jimbo.

Maryland nako kuna Vehicles for Change, iliyoanza mwaka 1999. Nayo hutengeneza magari yaliyotolewa na kuyafikisha kwa familia za kipato cha chini kwa bei nafuu, na karakana yake hufundisha ufundi watu waliotoka gerezani. Hapo gari moja hufaa watu wawili: anayejifunza kazi juu yake na anayeliendesha kwenda kazini.

Habari hii inawagusa wasemaji wa Kiswahili moja kwa moja. Burlington na mji jirani wa Winooski wamepokea wakimbizi kutoka Kongo, Burundi na Somalia, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazozungumzwa huko. Aliyefika na mabegi mawili na watoto watano hutakiwa kujitegemea upesi, katika nchi ambayo nje ya miji mikubwa usafiri wa umma ni haba. Kwake gari la miaka kumi na tano lenye breki nzima ni mshahara, ni kliniki ya mtoto, ni ibada ya wiki.

Basi wewe msomaji uliyeko ughaibuni na gari lako la zamani liko uani, usitosheke na wimbo wa redioni. Uliza mambo matatu kabla gari la kuvuta halijafika: shirika litalitengeneza gari au litaliuza, wakala anabaki na kiasi gani, na utapewa hati inayoonyesha bei ya mauzo? Hakikisha shirika limo katika orodha ya mamlaka ya kodi, kisha jaza jina lake kwenye kadi ya gari, usiiache nafasi hiyo wazi. Wakisita kukujibu, usisaini; tafuta shirika jingine.