Mshindo Bila Wimbo

Kuna swali ambalo vitabu vya maelekezo ya redio havina ukurasa wake: raha ya mtu inaishia wapi? Sebule ni yangu, kochi ni langu, umeme nimenunua tokeni kwa fedha yangu. Lakini besi inatoka. Inapita ukutani kama vile ukuta haupo, inavuka uwanja, inaingia kwa mtu ambaye hakununua chochote wala hakuulizwa. Nalibeba swali hili tangu msimu wa ufuta uliopita, nilipokuwa Narung'ombe, wilayani Ruangwa, mjomba wangu akanipa kazi ya kumfungia redio yake.

Wenzangu wa Kusini hamhitaji maelezo marefu. Minada ya ufuta ikishafanyika na malipo yakishapita RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, barabarani kunaanza kupita bati, magodoro, pikipiki mpya zenye nailoni bado kwenye siti. Na sabufa. Sioni ubaya wowote. Mtu aliyeinama shambani miezi yote ile ana haki ya kukaa chini akasikia muziki unaomgonga kifuani. Mjomba alivuka kiwango cha kawaida kidogo: alijiletea kutoka Dar risiva ya mtumba, ile pana yenye matundu mengi nyuma, spika tano, na sabufa ya inchi 10.

Niwaeleze kazi yenyewe, maana maadili yake yamo humo humo kwenye vifungo.

Risiva ya namna hii inakuuliza kuhusu kila spika: ni kubwa au ndogo? Wengi hujibu "kubwa" kwa sababu ya fahari tu. Ukijibu hivyo, spika inabebeshwa besi yote, hata ile isiyoiweza. Ukijibu "ndogo", sauti nzito zinachujwa na kupelekwa kwa sabufa, na mpaka wa mchujo huo unauchagua mwenyewe. Mahali pa kuanzia ni hezi 80. Chini ya hapo sikio la binadamu linapata shida kujua sauti inatoka upande gani, ndiyo maana sabufa inaweza kujificha nyuma ya kochi na wewe ukadhani besi inatoka kwenye televisheni. Halafu kuna suala la kuiweka. Ukiisukumia kwenye kona inanguruma zaidi, ila mara nyingi inakuwa na ukungu, noti zote zinafanana. Mafundi wana njia yao: weka sabufa juu ya kochi, pale pale unapokaa, piga wimbo wenye gitaa la besi linalotembea, kisha tambaa kando ya kuta ukisikiliza. Mahali besi inaposikika sawasawa, noti kwa noti, ndipo pa kuihamishia.

Nilitambaa. Mjomba alicheka mpaka akakohoa. "We mjomba, umesoma mpaka chuo uje utambae kama mtoto?" (Kwetu mjomba na mpwa huitana jina hilo hilo moja, na utani umo ndani.)

Mwisho kuna maikrofoni ndogo. Unaiweka juu ya kochi, usawa wa masikio ya aliyekaa, risiva inatoa milio yake, inapima, inarekebisha kila kitu. Hapo ndipo niliposhtuka. Vipimo vyote vinafanyika kwenye kochi. Unaweza kuisogeza ile maikrofoni sehemu sita au nane, zote za humo humo sebuleni. Kwa mashine ile, dunia inaishia pale viti vinapoishia.

Sasa hesabu kidogo. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Ukigawa kwa hezi 30, mtetemo mzito kabisa wa kwenye filamu, unapata wimbi lenye urefu wa mita 11 na ushee. Nyumba ya jirani, bibi mmoja anayeishi na wajukuu wawili, iko hatua 14 kutoka kwenye kochi la mjomba, nilizihesabu. Yaani wimbi moja tu likianza magotini kwa mjomba linakwenda kumalizikia karibu na kitanda cha bibi.

Na ukuta nao unachagua. Sauti nyembamba, za gitaa, za matari, na zile herufi zinazofanya neno lieleweke, zinafia kwenye matofali. Nzito zinapenya. Nyumba zenyewe hazina dari, kati ya ukuta na bati kuna uwazi wa kupitisha mkono. Kinachomfikia bibi ni du, du, du. Hapati mwimbaji, hapati maneno, hapati hata kujua wimbo umekwisha au umeanza mwingine.

Mnakumbuka kisa cha Abunuwasi na harufu ya nyama? Tajiri anamshtaki maskini aliyekula chakula chake kikavu huku akinusa mvuke wa chungu cha tajiri. Abunuwasi analipa kwa kutikisa sarafu, mlio kwa harufu. Tunakicheka kisa kile kwa sababu tajiri anadai malipo ya kitu kilichomtoka bila kumpunguzia chochote. Cha bibi ni kigumu kuliko kile. Yule maskini angalau alipata harufu nzuri ikamsaidia tonge kushuka. Huyu anaupata moshi peke yake, na moshi hauombwi.

Immanuel Kant aliligusa jambo hili mwaka 1790, katika kitabu chake kuhusu hukumu ya uzuri. Alisema muziki umepungukiwa na ustaarabu kwa kuwa unaenea kwa majirani kuliko unavyotakiwa, akaulinganisha na mtu anayechomoa leso yenye manukato na kuwalazimisha wote walio karibu wavute naye. Hakuwa anabahatisha. Miaka michache kabla alikuwa amemwandikia meya wa mji wake, Königsberg, kulalamikia nyimbo za dini za wafungwa wa gereza lililokuwa karibu na nyumba yake. Namwelewa mzee, ila kuna kitu kinanikera kwake. Anaongea kama mtu ambaye hali bora kwake ni ukimya, na asiyetaka ukimya ana kasoro. Narung'ombe haiishi hivyo. Mjomba mwenyewe alinijibu kabla sijamaliza sentensi: "Huku si Masaki. Sisi tumekua na ngoma. Unyago unapigwa usiku kucha, nani alilalamika?"

Hoja nzito hiyo, na sitaki kuipita mbio. Ni kweli ngoma hukesha, na sitajifanya kwamba mgonjwa wa homa analala vizuri usiku wa unyago. Lakini siku ya ngoma inajulikana. Ina sababu yake, mara nyingi mtoto wa mtu fulani tunayemfahamu. Inapigwa uwanjani, kwa hiyo kila inapofika inafika nzima, na sauti za waimbaji zimo. Asiyeweza kulala anaweza kuvaa kanga akatoka, akasimama pembeni, na hakuna atakayemuuliza amefuata nini. Neno lenyewe halitenganishi: ngoma ni kile kiwambo cha ngozi, ni uchezaji, ni mkusanyiko wa watu. Sabufa imekuja na kile kiwambo tu, ikawaacha watu.

Akanipa hoja ya pili: "Kama anaumia, aseme basi. Mbona hasemi?"

Hapa ndipo nisipokubaliana naye kabisa, heshima yangu kwake ikiwa pale pale. Mjomba ana duka. Bibi yumo kwenye daftari: sukari, sabuni, na salfa ya kupulizia mikorosho yake. Mtu aliyemo kwenye daftari lako hawezi kuja mlangoni kwako saa nne usiku kukuambia upunguze redio. Tumezoea kusema kimya ni ridhaa, na penye posa huenda ni kweli. Penye deni, kimya ni kimya tu. Ukitaka kujua kama sauti yako inaumiza, kumsubiri mdaiwa wako alalamike ni sawa na kuiacha maikrofoni kochini na kusema umepima kijiji.

Wapo watakaosema sheria ipo. Ipo, kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo ni za mwaka 2015. Lakini hata vifaa vya kupimia vina usiri wao. Vipimo vingi vya kelele duniani hutumia mizani iitwayo A, na mizani hiyo huipunguza sauti ya hezi 63 kwa desibeli 26 hivi kabla ya kukupa jibu. Unaweza kusimama chumbani kwa bibi, vyombo vinatetemeka kabatini, na kipimo kikakuambia pako shwari.

Nilishusha sabufa desibeli 6 nikaitoa kwenye kona. Mjomba akalalamika kwamba muziki umekufa, na alikuwa na haki. Fletcher na Munson walionyesha tangu 1933 kwamba sauti ikipungua, besi ndiyo inayotutoka masikioni kwanza. Kwa hiyo hakuna kifungo cha kumpa mjomba besi yote na bibi usingizi wote. Hata ile menyu ya usiku husawazisha kelele za ghafla tu. Kuna mmoja lazima apungukiwe, na mpaka siku ile aliyepungukiwa alikuwa hajawahi kuulizwa.

Nikaenda kumuuliza. Nilipomwamkia alinikaribisha kigoda, akaniacha nizunguke na maneno yangu ya adabu kuhusu redio na usingizi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Mjukuu wangu, usingizi wa mzee haupo hata kukiwa kimya. Mie nataka kujua, ule wa jana, wa du-du, du, unaimba nini?"

Nikamwambia ni dansi la zamani, la bendi.

"La zamani? Basi huenda naujua."

Nilimfikishia mjomba. Alikaa kidogo, akafuta vumbi juu ya risiva kwa kiganja, akasema, "Aje basi asikilize." Sikujua kama ulikuwa mwaliko au ubabe, maana kwake vyote hutoka kwa sauti moja. Nikamuuliza kama akija, lile daftari litakuwa wapi. Akaniangalia, halafu akaniambia nimsogezee sabufa karibu na mlango, tuone inavyosikika ukiwa wazi.