Kazi Iliyosimama

Masomo: Nehemia 3:12, 1 Wakorintho 3:10–15



Sura ya tatu ya kitabu cha Nehemia wengi wetu huiruka. Tunaona majina tu: huyu alijenga lango, yule akaendeleza kipande kilichofuata, makuhani, wafua dhahabu, watengeneza manukato. Lakini katika mstari wa 12 yumo Shalumu, mmoja wa wakuu wa Yerusalemu, na pamoja naye wametajwa binti zake. Majina yao hatukuachiwa. Kazi yao ndiyo iliyoandikwa: walikarabati sehemu yao ya ukuta, na ukuta ukasimama.

Juma hili mabinti hao wamenirudisha kwa Julia Morgan, mwanamke wa kwanza kupata leseni ya usanifu majengo katika jimbo la California, Marekani. Alizaliwa San Francisco mwaka 1872. Mwaka 1894 alihitimu uhandisi wa ujenzi katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, fani ambamo wakati huo wasichana walikuwa wachache mno. Mwalimu wake, Bernard Maybeck, alimhimiza aende Paris, kwenye École des Beaux-Arts, chuo kilichosifika kuliko vyote kwa usanifu.

Alipofika huko mwaka 1896, chuo hicho kilikuwa bado hakipokei wanawake. Akangoja, akifanya kazi na kujifunza kwa wasanifu wa mji ule. Mlango ulipofunguliwa, alifanya mtihani wa kuingia na kukosa nafasi, akarudia, akakosa tena. Mwaka 1898, katika jaribio la tatu, akapokelewa. Hata hivyo muda ulikuwa unamkimbia, kwa kuwa mwanafunzi aliyefikisha miaka 30 hakuruhusiwa kuendelea. Mwaka 1902, umri huo ukiwa umemfikia, alipata cheti chake, mwanamke wa kwanza kukipata katika usanifu.

Akarudi nyumbani, na mwaka 1904 akapata leseni. Mwaka huohuo, katika chuo cha wanawake cha Mills mjini Oakland, ulikamilika mnara wa kengele aliousanifu. Aliujenga kwa zege lenye nondo ndani yake, ujenzi ambao wengi walikuwa hawajauzoea. Zege likishamwagwa, hakuna apitaye njiani anayeweza kuziona nondo wala kujua zimefungwaje. Hilo hubaki kati ya mjenzi na dhamiri yake.

Alfajiri ya tarehe 18 Aprili 1906, ardhi ikatetemeka. San Francisco ikaanguka, kisha moto ukaunguza mji kwa siku kadhaa. Mnara wa Julia ukabaki umesimama. Hoteli ya Fairmont, iliyokuwa karibu kufunguliwa, iliunguzwa ndani, na kazi ya kuirejesha akapewa yeye. Mwaka uliofuata ikafunguliwa.

Mtume Paulo anawaambia Wakorintho kwamba kila ajengaye juu ya msingi aangalie anavyojenga, kwa maana siku itafika ambapo kazi ya kila mtu itapimwa kwa moto. Tazameni kipimo hicho. Moto hauulizi kama mjenzi ni mwanamume au mwanamke, wala kama ametoka nyumba kubwa au ndogo. Unauliza amejenga kwa kitu gani. Kama hicho ndicho kipimo cha Mungu, sisi tumepata wapi ruhusa ya kutumia kingine?

Julia aliendelea kujenga kwa karibu miaka 50: majengo zaidi ya 700, nyumba za watu wa kawaida, hosteli za wasichana wa YWCA, makanisa, na jumba kubwa la tajiri William Randolph Hearst huko San Simeon, alilolishughulikia tangu mwaka 1919 hadi 1947. Kanisa la Mtakatifu Yohana alilowasanifia Wapresbiteri wa Berkeley halikuwa na mapambo ya gharama. Mbao zinazobeba paa aliziacha wazi, nazo ndizo uzuri wake. Sifa hakuzitafuta. Alifariki mwaka 1957. Medali ya Dhahabu ya Taasisi ya Wasanifu Majengo ya Marekani alipewa mwaka 2014, mwanamke wa kwanza kuipata. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Pete hii ilikuja miaka 57 baada ya mazishi.

Wapendwa, tusiwalaumu Wamarekani peke yao. Kanisa linapojengwa kwetu, akina mama huchanga, huteka maji, husomba mchanga na kuwapikia mafundi. Lakini kamati ya ujenzi inapokaa, mara ngapi tunawauliza jambo lolote zaidi ya chakula? Na binti anayefaulu hesabu akitamani uhandisi, ni nani kati yetu atakayemwambia asome, na kumlipia ada bila kunung'unika? Shalumu alikuwa mkuu, mwenye cheo cha kulinda. Hakuona aibu kusimama ukutani na binti zake mbele ya mji mzima.

Nawe unayefanya kazi ambayo hakuna anayeisifu, iwe ni kufundisha watoto wa Jumapili, kuandika hesabu za usharika au kumuuguza mzazi, funga nondo zako vizuri. Bwana anaziona zikiwa ndani ya zege.

Juma hili, kila mzee wa kanisa na kila mzazi amtafute binti mmoja mwenye kipaji, amwite kwa jina, amwulize anahitaji nini ili aendelee, kisha afanye anachoweza.

Tuombe: Ee Bwana, mjenzi wa kanisa lako, tutakase mioyo inayowafungia wengine milango uliyoifungua wewe. Utupe uaminifu katika kazi isiyoonekana, na ujasiri wa kumpa kila mtu heshima yake angali hai. Kwa Yesu Kristo, msingi wetu. Amina.