Chembe ya Hardali

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mfalme wa Siku ya Malipo. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ndugu zangu katika imani, naiusia nafsi yangu kwanza, kisha nakuusieni nyinyi: tumche Allah.

Jirani zetu Wakristo, katika sala wanayoijua tangu utotoni, humwomba Mungu ufalme wake uje. Wengi wetu tumeisikia. Wachache tumewahi kuuliza wana maana gani. Tumeamrishwa katika Suratun-Nahl kujadiliana kwa njia iliyo bora, na hilo haliwezekani kwa jambo tusilolielewa.

Wao wenyewe hawana kauli moja. Mwaka 410 Wagothi walipoupora mji wa Roma, waumini wengi walitikisika, kwani dola ile ilikuwa imekwisha kuwa ya Kikristo. Augustino, askofu wa Hippo, katika Algeria ya leo, akaandika kitabu kikubwa kuwafunza kwamba mji wa Mungu si Roma. Wapo wanaosema ufalme huo ni Kanisa. Wapo wanaosema ni utiifu moyoni. Wengine wanangoja Isa arejee. Wengi hukusanya yote: umekwisha kuanza, haujatimia. Hushika mfano wa Injili wa chembe ya hardali, ndogo mno, inayokua hadi ndege wakapata kivuli.

Lakini wapo waliochoka kungoja. Mwaka 1534, huko Münster, Ujerumani, kundi moja liliuteka mji likidai ufalme umefika. Kiongozi wao, Jan van Leiden, akajitawaza mfalme. Waliompinga waliuawa, njaa ikaingia, na mwaka 1535 mji ukaanguka.

Tusiwacheke. Tarehe 1 Muharram 1400, yaani Novemba 20, 1979, watu wanaoelekea kibla chetu waliuteka Msikiti Mtukufu wa Makka kwa silaha, wakidai Mahdi ni mmoja wao. Damu ilimwagika wiki mbili pahala ambapo hata kuwinda mnyama ni haramu. Ugonjwa ni ule ule: mja kukikalia kiti kisicho chake.

Ndugu zangu, juu ya Isa, alayhi salaam, tunatofautiana na Wakristo, na tofauti hiyo hatuifichi. Lakini chembe ya hardali imo pia katika Qur'ani. Luqman alimfunza mwanawe kwamba jambo lenye uzito wa chembe hiyo, hata likiwa ndani ya mwamba, Allah atalileta. Na Suratul-Anbiyaa yasema litawekwa kwenye mizani. Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, naye alituagiza kwamba Kiyama kikimkuta mtu na mche mkononi, akiweza aupande. Hakusema aache kazi atazame mbingu.

Basi anayesoma Suratul-Mulk usiku, akakiri kwamba ufalme wote umo mkononi mwa Allah, asubuhi asimpunje mteja kwenye mizani, asicheleweshe mshahara wa binti anayemfulia, asile urithi wa yatima. Hapo ndipo itaonekana ni utawala wa nani anaoutii.

Ewe Mola wetu, Mwenye ufalme wote, tujaalie tuwe waja wako watiifu, na amali zetu ndogo uzitie uzito siku ya mizani. Amin.