Moshi wa Mkahawani

Wako wasemao, Kifua ni changu na fedha ni zangu. Serikali ina nini na sigara yangu? Neno hili lingekuwa na nguvu kama moshi ungekaa kifuani mwake tu. Lakini humwingia pia mtumishi aletaye chai, naye hawezi kutoka, kwa maana hapo ndipo apatapo riziki. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba kila mwaka watu zaidi ya 1,000,000 hufa kwa moshi wa wenzao. Kwa ajili hiyo Tanzania Bara ilitunga sheria mwaka 2003, Kenya 2007, na Uganda 2015.

Wengine husema, Haiwezekani kujizuia. Na watazame Wingwi, kisiwani Pemba: wavutaji wafungao Ramadhani hawagusi sigara tangu alfajiri hata magharibi. (Nasi Wakristo tusione haya kujifunza kwao.) Je, saa moja ya kunywa kahawa ni ndefu kuliko mchana wote?

Mtume Paulo alikuwa na haki ya kula nyama, akawa tayari kuiacha kwa ajili ya ndugu aliye dhaifu (1 Kor. 8). Mvutaji aombwa jambo dogo kuliko hilo: ainuke, asimame mbali na mlango, amalize, kisha arudi kwenye kahawa yake.