Kumpa Muuaji Jina

Lugha humpa mtu njia nyepesi ya kujitenga na muuaji. Akitajwa aliyeua, si mara moja kwa ghadhabu, bali mara kumi au ishirini, kwa miaka, huku akila na kulala na kuamkiana na majirani, aghalabu jibu huwa fupi: "Yule si mtu." Wako wasemao mnyama, ijapokuwa mnyama asingiziwa bure, maana simba akishiba hulala. Wako wasemao shetani. Majina hayo yote yafanya kazi moja, nayo ni kumtoa muuaji katika safu ya wanadamu ili waliobaki wapate kushusha pumzi.

Wataalamu wa Ulaya na Marekani hawakutosheka na majina hayo, wakatafuta yao. Mwaka 1835 tabibu wa Kiingereza, James Cowles Prichard, aliandika juu ya alichokiita wazimu wa maadili: mtu hufikiri sawasawa, huhesabu, hujibu anapoulizwa, lakini hisia zake za wema zimeharibika. Mwaka 1941 Mmarekani Hervey Cleckley alitoa kitabu kuhusu watu wanaouvaa uzima wa akili kama mtu avaavyo barakoa. Baadaye Robert Hare wa Kanada akatunga orodha yenye vipengele 20, miongoni mwavyo utamu wa maneno, uongo, kutojuta na kutoona huruma. Kila kipengele hupewa sifuri, moja au mbili, na jumla haipiti 40. Katika Amerika ya Kaskazini, afikaye 30 huitwa saikopathi. Mwenye 29, basi, hakuingia. Hata mizani ya sonara haithubutu kukata shauri kwa uhakika kama huo. Ni haki kuongeza kwamba wengi wanaofikia alama hizo hawajaua mtu, na kwamba si kila muuaji huzifikia.

Hao walikuwa matabibu. Askari nao walikuwa na haja yao. Katika miaka ya 1970 na 1980 maofisa wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, waliingia magerezani kuzungumza na wauaji 36, wakatoka na mafungu mawili: wauaji wenye mpango, ambao huchagua, huandaa na kufuta nyayo zao, na wasio na mpango, ambao huvamia na kuuacha mwili palepale. Mwaka 1988 Ronald Holmes na James De Burger wakatoa mafungu manne: wanaosikia sauti, wanaojiona wametumwa kuisafisha dunia, wanaotafuta raha, na wanaotafuta kuimiliki roho ya mwenzao. Mafungu haya yalipendwa, yakaingia katika filamu na riwaya, na leo kijana wa Mombasa au Unguja ayajua kutoka kwenye televisheni kabla hajayasoma popote.

Kupendwa si kuthibitika. Mwaka 2004 mwanasaikolojia wa Kiingereza David Canter na wenzake waliyapima yale mafungu mawili ya FBI kwa kuchunguza mauaji 100 yaliyofanywa na wauaji wa mfululizo 100 wa Marekani. Hawakuyaona mafungu mawili. Dalili za mpango zilikuwamo karibu kwa wote, na dalili za fujo zilitapakaa huku na huku bila ya kushikamana. Hata idadi ya vifo inayomfanya mtu aitwe muuaji wa mfululizo imekuwa ikihama: sheria ya Marekani ya mwaka 1998 ilitaja watatu au zaidi, ilhali wataalamu walioitwa na FBI mwaka 2005 waliona wawili watosha, mradi wameuawa nyakati mbalimbali.

Lakini makosa ya orodha ni jambo dogo. Kila orodha ina makosa. Jambo zito zaidi ni kile kinachotendeka katika moyo wa mwenye kuandika orodha na mwenye kuisoma. Je, kumtia muuaji katika fungu lake ni kumwelewa, au ni njia ya kisomi ya kusema tena kwamba yule si mtu? Na akishatiwa katika fungu, hatia yake yabaki pale pale?

Hakuna kisa kinachoyabana maswali hayo kama kisa cha Harold Shipman. Huyu alikuwa daktari wa mtaa katika mji mdogo wa Hyde, karibu na Manchester, Uingereza, alikohamia mwaka 1977. Wagonjwa walimpenda. Aliwaendea majumbani, akawaketia, akawasikiliza. Asubuhi ya tarehe 24 Juni 1998 alikwenda kwa Bi. Kathleen Grundy, mjane wa miaka 81 aliyekuwa mzima wa afya, kwa kisingizio cha kumtoa damu ya uchunguzi. Siku hiyo bibi huyo alikuwa akitazamiwa penye chakula cha mchana cha wazee, ambacho yeye mwenyewe alizoea kusaidia kukiandaa. Hakutokea. Wenzake walipomfuata walimkuta juu ya kochi, nguo zake mwilini, amekufa. Daktari aliandika kuwa sababu ya kifo ni uzee.

Hivyo ndivyo walivyokutwa wengi: mchana, wameketi vitini, wamevaa vyema. Hapakuwa na damu wala mlango uliovunjwa. Silaha ilikuwa dayamofini, dawa ya maumivu makali ambayo kwa asili ni ile ile heroini iitwayo unga katika mitaa ya mwambao. Tarehe 31 Januari 2000 mahakama ilimtia hatiani kwa mauaji ya wagonjwa 15. Julai 2002 tume ya uchunguzi chini ya Jaji Janet Smith ikatangaza kuwa aliowaua ni 215, wanawake 171 na wanaume 44, tangu mwaka 1975. Baadaye makadirio yakafika kiasi cha 250. Yeye mwenyewe alikana mpaka mwisho. Tarehe 13 Januari 2004 alikutwa amejinyonga gerezani, na hakuacha neno la kueleza kwa nini.

Basi na ajaribiwe katika mafungu. Sauti hakuzisikia. Hakudai kutumwa na yeyote. Tamaa ya mwili haikuonekana. Fedha? Aliughushi wasia wa Bi. Grundy uliomrithisha zaidi ya pauni 380,000, lakini aliughushi vibaya mno hata binti wa marehemu, aliyekuwa mwanasheria, akashuku mara moja na kwenda polisi. Wengi wa waliotangulia hawakumwachia kitu. Husemwa kwamba alitaka mamlaka juu ya uhai na kifo. Huenda. Lakini daktari yeyote ana mamlaka hayo kila siku, na mamlaka yasiyoonekana na mtu ila mwenyewe ni mamlaka ya ajabu. Jaji Smith alitaja uwezekano kwamba kuua kulimwingia kama uraibu. Neno hilo laeleza alivyorudia, halielezi alivyoanza.

Wengine hukimbilia utoto wake. Mama yake alikufa kwa saratani mwaka 1963, mwanawe akiwa na miaka 17, na katika siku zake za mwisho daktari alikuwa akija nyumbani kumchoma mofini. Picha hiyo yavutia, na mshairi angeipenda: kijana mlangoni, sindano, maumivu yanayotulia. Lakini ni watoto wangapi wameuona uchungu wa mama ukipozwa kwa sindano, wakakua wakawa wauguzi wapole, au mafundi seremala, au watu wasiokuwa na habari na sindano? Sababu inayoweza kuzaa mambo kumi yanayopingana haijaeleza hata moja. Yamfanya msomaji aone kama ameelewa, naye hutulia. Na utulivu huo ndio unaostahili kutiliwa shaka.

Kiswahili cha mwambao kina neno ambalo hapa lafaa kuliko mafungu yote. Mtu asiyeona huruma husemwa kuwa "hana imani". Neno hilohilo ndilo la kuamini na kuaminiwa. Mgonjwa wa Hyde alipokunja mkono wa nguo na kunyoosha mkono wake, alikuwa akitoa imani. Aliyeupokea mkono ule hakuwa na imani. Wahenga walionya kuwa kikulacho ki nguoni mwako, lakini methali hiyo huchukuliwa kana kwamba mwenye nguo alizembea kuitazama. Bi. Grundy hakuzembea. Mtu asiyeweza kumpa daktari mkono wake hawezi kuishi miongoni mwa watu, na Shipman hakuhitaji udhaifu wowote wa wagonjwa wake isipokuwa huo, ambao si udhaifu.

Yabaki suala la hatia. Wako wanafalsafa wanaosema kwamba aliyezaliwa bila ya huruma hawezi kulaumiwa kwa kutoiona, kama vile asiyetambua rangi halaumiwi kwa kutoiona nyekundu. Hoja hii si ya kudharauliwa, lakini mfano wake waigeukia. Dereva asiyetambua rangi ajua kwamba taa ya juu ndiyo ya kusimama. Akipita akaua, hatajitetea kwa macho yake. Huruma ni njia moja ya kujua kwamba haifai kumwua bibi aliyekukaribisha. Ziko njia nyingine, na Shipman alikuwa nazo tele. Baada ya wagonjwa kufa alikuwa akiketi kwenye kompyuta ya zahanati na kuwaandikia maradhi ambayo hawakuwa nayo, kwa tarehe za nyuma, asijue kwamba mashine ilikuwa ikiweka saa halisi ya kila alichoandika. Katika kumbukumbu za Bi. Grundy alidokeza kuwa bibi yule alikuwa mtumiaji wa dawa za kulevya. Anayefuta nyayo ajua ni za nani. Kanuni ya wendawazimu iliyotolewa na majaji wa Uingereza mwaka 1843, ambayo msingi wake umo hadi leo katika sheria za jinai za Kenya na Tanzania, huuliza hasa hilo: mtu alijua alitendalo, na alijua kuwa ni kosa? Haiulizi kama alihuzunika.

Na hapa ndipo yale majina ya mwanzo yanapomsaidia muuaji. Tufani halishtakiwi, wala chui hapandishwi kizimbani. Aliyetolewa katika utu ametolewa pia katika hatia. Wanaosema kwa hasira kwamba yule si mtu hudhani wamemhukumu adhabu kubwa kuliko zote, kumbe wamemfungulia mlango. Ili alaumiwe hana budi abakie mtu, aliyekunywa chai kama watu, akajua jina la mgonjwa na majina ya wajukuu, akachagua.

Liko jambo jingine katika kisa cha Hyde ambalo vitabu vya mafungu havilipi nafasi. Kabla ya polisi kumkamata, walikuwapo watu waliokwisha kumjua. Mwenye kazi ya kuzika aliona kwamba maiti wa daktari huyu wanafanana kupita kiasi: wazee, wengi wao wanawake, wamekaa vitini na nguo zao. Daktari wa zahanati jirani aliona kwamba yeye na wenzake wanatia saini mara nyingi mno fomu za kuchomea maiti wa Shipman, na Machi 1998 akapeleka taarifa. Polisi walitazama juu juu, wakalifunga jalada tarehe 17 Aprili. Baada ya hapo walikufa wanawake watatu, na Bi. Grundy ndiye wa mwisho. Na alikuwapo dereva wa teksi, aliyezoea kuwachukua bibi wazee kwenda dukani na hospitali, ambaye aliona abiria wake wanatoweka mmoja mmoja, wote wa daktari mmoja. Agosti 1998 alipokwenda polisi alikuwa akishuku vifo vya watu 21.

Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyejua saikopathi ni nini, au kama alijua hakumfaa kitu. Dereva hakuwa na orodha ya aina za wauaji. Alikuwa na orodha ya marehemu. Aliwajua kwa sauti zao na mizigo yao, kwa hiyo alijua wanapopungua.

Pasipo mtu wa kuhesabu hivyo, muuaji huishi maisha marefu. Gary Ridgway, aliyekiri mwaka 2003 kuwaua wanawake 48 katika eneo la Seattle, alieleza kwamba aliwachagua makahaba kwa kuwa hawangetafutwa upesi. Samuel Little, aliyekufa mwaka 2020 akiwa mfungwa baada ya kukiri mauaji 93, aliwawinda wanawake maskini na wasiokuwa na kwao, na vifo vya baadhi yao viliandikwa kuwa ni vya ulevi au ajali. Mtaalamu wa Marekani Steven Egger aliwapa wahanga wa namna hii jina la uchungu: waliopungukiwa na kufa, kana kwamba kifo chao hakikutimia kuwa kifo. Vitabu juu ya akili ya Ridgway ni vingi, ilhali baadhi ya wanawake aliowaua walikaa miongo kadhaa wakijulikana kwa namba ya mifupa tu.

Uingereza yenyewe ilichelewa kujifunza. Tangu tarehe 9 Septemba 2024, miaka 26 baada ya Bi. Grundy, ndipo ilipokuwa sharti la sheria katika Uingereza na Wales kwamba kila kifo ambacho hakikupelekwa kwa mchunguzi wa vifo wa serikali kitazamwe na daktari wa pili asiyemtibu marehemu. Daktari huyo husoma kumbukumbu za ugonjwa, na waliofiwa hupewa nafasi ya kusema naye na kueleza kama wana shaka yoyote juu ya jinsi mzee wao alivyokufa.