Mwanachuoni Aliyeuzwa Sokoni



Omar ibn Said alizaliwa yapata mwaka 1770 katika Futa Toro, nchi iitwayo leo Senegali, akasoma elimu ya dini kwa miaka mingi. Mwaka 1807 alitekwa, akavushwa bahari hata Charleston, Marekani, akauzwa kama bidhaa. Mwaka 1831 aliandika habari za maisha yake kwa Kiarabu, akaanza na Suratul Mulk, ifundishayo kuwa ufalme wote umo mkononi mwa Mola. Zingatieni! Aliyemilikiwa na watu aliwakumbusha Mmiliki wa kweli. Alikufa angali mtumwa.

Hati yake iliingia Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2017. Lakini tangu mwaka 2021 baadhi ya majimbo ya huko yametunga sheria za kuwekea mipaka masomo ya rangi na ubaguzi katika skuli, na watu wangali wakishindana juu yake.

Ni wepesi kwetu kuwalaumu Wamarekani. Je, sisi? Utumwa ulifutwa pwani yetu ya Kenya mwaka 1907, na hata leo akija mposaji, msomi na mcha Mungu, twanong'onezana: "Huyu babu yake alikuwa wa nani?"

Suratul Hujurat yatufundisha kuwa mbora wetu ni amchaye Mungu zaidi. Twaisoma msikitini, twaisahau barazani. Basi na tutubie, tuwape binti zetu wachaji, wala tusiulize rangi wala asili.

Wabillahi tawfiq.